Pwari Si Pera

Mvumilivu hula mbivu, lakini Mukantwari alivumilia miaka miwili akala mbovu. Mti wake ulikuwa nyuma ya nyumba, mche aliopewa na mkulima mmoja wa Kizungu wa Nyamyumba alipokuwa akihama. Mumewe Kadiri, fundi cherehani, aliuita mpera wa Wazungu, na jina likashika. Basi Mukantwari akautunza kama mpera: akangoja matunda yageuke manjano na kunukia mtini, ndipo achume. Kila alipopasua moja, moyo wa tunda ulikuwa umeoza, rangi ya ugoro.

Mwaka wa 1956 Kadiri alitaka kujenga kibanda cha kushonea palepale penye mti.

"Mi nangoja mavuno moja tu," alisema. "Ikioza tena, nakata."

"Utakata na mukasi yako?"

"Cheka tu, mama. Shoka iko."

Mwezi wa saba, ambao kwa desturi ni mkavu, anga la upande wa Nyiragongo likawa jeusi mchana. Mvua ya mawe ikapukutisha nusu ya matunda. Yaliyobaki yalikuwa kijani, magumu kama goti, na mawingu yalikuwa yanajikusanya tena. Heri nusu shari kuliko shari kamili: Mukantwari alipanda akachuma yote, akayafukia ndani ya kapu la nyasi kavu.

Jirani yake Nyirahabimana, aliyepika miaka tisa katika majiko ya Wazungu, alikuja kuomba kaa la moto akamkuta amejiinamia.

"Nimeua mti wangu, dada. Nimechuma mapera mabichi."

"Nani alikuambia ni mapera? Ile ni pwari, poire ya Wazungu. Pera inaivia kwa muti. Pwari ukiiacha kwa muti inaoza toka ndani. Inachumwa ngumu, inaivia mu nyumba." Akacheka. "Donc, basi mawe ndiyo imekufundisha kazi."

Siku ya tisa Mukantwari alibonyeza tunda karibu na kikonyo, pakabonyea. Akapasua. Lilikuwa jeupe hadi kwenye mbegu, na maji yake yakamchuruzika mpaka kiwikoni.

Matunda yaliyoiva yasingekaa wiki. Siku hiyohiyo wanawake hao wawili waliyamenya, wakayakata vipande vinne vinne, wakayapika kwa sukari na ndimu, wakayamimina ya moto katika chupa za mdomo mpana zilizochemshwa, kisha wakaziba kwa nta ya mshumaa. Zilijaa kumi na moja.

Kadiri alipewa yaliyobaki sufuriani. Akala, akajipakulia tena.

"Hii ni bahati ya mvua," alisema. "Mwaka kesho mawe isiponyesha?"

"Nitachuma mwenyewe, ingali ngumu."

Kadiri akatoka na utepe wake wa kupimia. Alipima kutoka ukutani hadi shinani, akasimama, akaenda kupima upande wa pili, kati ya ukuta na uzio. Palikuwa pembamba. Meza ya kukatia isingeingia.

"Kibanda nitajenga huku. Nguo nitakatia barazani," alisema, akiuviringisha utepe bila kumtazama mtu.