Maji ya Benchi la Tatu

Saa tatu kasoro, fundi aliyeshona majoho yote ya kwaya alikaa benchi la tatu, akavua viatu na kuvipakata visilowe. Maji yalikuwa vifundoni. Yalimwanza wiki aliyomzika mama yake: popote anapokaa, yanachimbuka miguuni, safi, ya baridi. Kwenye cherehani alishazoea. Alikanyaga pedeli humo humo majini.

Jumapili hiyo yaligusa kapeti. Kapeti lilikuwa jipya.

Mzee wa kanisa, ambaye vijana walimwita Mzee Kapeti, akaja amekunja suruali.

"Dada, bado tu?"

"Bado, mzee."

"Miezi mitatu! Omba."

"Naomba."

"Basi unaomba vibaya."

Kiongozi wa kwaya akadakia: "Shoga, mbona sisi tunafiwa na hatuvuji?" Alivaa joho ambalo fundi alishalipanua kiuno mara tatu bila kumwambia mtu. Benchi zima likacheka, kile kicheko cha kanisani cha kuziba mdomo kwa kitabu cha nyimbo.

Wakamtolea kiti nje, kwenye ngazi. Kisha wakafunga mlango, maana somo la siku lilikuwa faraja.

Ndani waliimba kumwita Bwana aje. Nje, Bwana alikuwa ameshafika. Alivua viatu, akaketi kwenye ngazi, akatumbukiza miguu. Maji yakapita kwenye matundu ya misumari, yakatokea upande wa pili. Fundi akasogea kumpa nafasi.

"Huingii? Wanakuita."

"Nawasikia." Akachezesha vidole majini. "Mimi nilimlilia rafiki yangu kaburini, mbele za watu. Na nilijua atafufuka."

Wakakaa hivyo hivyo. Maji hayakupungua, ila baridi ilikatika, na kwa mara ya kwanza tangu msiba fundi akasikia njaa.

"Jumapili ijayo?" akauliza.

"Nipo."

Mlango ukafunguka. Mzee Kapeti akamtambua mara moja. Picha yake ilikuwa ofisini, juu ya kabati.

"Shikamoo, Bwana."

"Marahaba."

Mzee akaitazama miguu ile, inachuruzika. Akageuka kulitazama kapeti.

"Karibu sana ndani," alisema. "Ukishakauka."

Jumapili iliyofuata nje kulikuwa na viti viwili. Mlango ukafungwa, na ndani wakaanza kuimba kumwita.