Picha ya Matanga ya Mama Aoko

Mama Aoko aliingia studio yetu ya Kondele akiwa mzima wa afya, kanzu nyeupe ya kanisa mwilini, kitambaa cheupe kichwani, akaagiza picha ya matanga. Yake mwenyewe.

"Mzee wangu tulimzika na picha imeingia giza," akasema. "Watu wanafika kwa jeneza wanauliza, huyu ni nani? Mimi sitaki kuulizwa hivyo."

Griffins, mwenzangu wa kazi, alimuwahi. Ana kamera mpya, na anaiamini kuliko mchungaji wake. Akaiacha ijipangie kila kitu, akabonyeza. Kanzu ikatoka safi, uso ukatoka giza tupu. Akaupeleka kwenye kompyuta, akaung'arisha na kuulainisha mpaka makunyanzi yote yakahama.

"Ma en ng'a? Huyu ni nani?" Mama Aoko akashtuka. "Woi! Hata sijakufa na nishaanza kujiuliza mwenyewe!"

Nilikasirika. Makunyanzi ya mtu si uchafu wa lenzi. Nikachukua kamera, nikaizima ile hali ya kujipangia kila kitu, nikazungusha gurudumu la mwanga upande wa kujumlisha.

"Agneta, unaongeza?" Griffins akashangaa. "Na hiyo white yote? Si upunguze!"

"Nyamaza ujifunze."

Kamera haijui kanzu. Ikiona weupe mwingi hudhani mwanga umezidi, inapunguza, na anayeumia ni mwenye ngozi nyeusi. Akina mama wangapi wa kanisa wamepotezwa hivyo hapa Kisumu, na lawama wakatupiwa wao, eti ni weusi mno! Upuuzi mtupu. Mimi huongeza.

Nikamgeuza kidogo kuelekea mwanga wa mlangoni, nikamtania kwamba nikikosea nitamzika mimi. Akacheka, nikapiga. Kwa mwanga huo kanzu ilipoteza mikunjo miwili mitatu, lakini hatuziki kanzu. Uso ulikuwa wote pale: weusi unaong'aa, makunyanzi yake, na pengo la meno ya chini aliyong'olewa utotoni kwao Asembo, kama ilivyokuwa desturi.

Nikamwonyesha kwenye kioo cha kamera.

"Huyu," akasema, akikigusa kwa kidole, "huyu hafi saa hii. Nyathina, mwanangu, nitolee ya ukuta. Ya matanga nitakuja kupiga nikizeeka."