Sukari na Keki ya Maharagwe

Kwa miaka ishirini na sita mtaa mzima ulimwita yule mwokaji Sukari. Hakuna aliyekumbuka nani alianza, ila sababu ilijulikana: mkono wake haukujua kupima. Kijiko kimoja cha watu wengine kwake kilikuwa viwili, na cha tatu cha kuonja. Basi siku daktari alipomwambia ana kisukari cha aina ya pili, habari zilifika dukani kabla yake. Alimkuta muuza magazeti wa jirani ameshika mbavu.

"Jamani, eti Sukari ana sukari!"

Mwokaji alicheka hadi machozi yakamtoka. Kisha akaingia ndani, akafunga mlango, akakaa juu ya gunia la unga, na machozi yakaendelea yenyewe bila kicheko.

Kilichomuuma hakikuwa vidonge wala sindano ya kutoboa kidole. Harusi ya binti yake wa pekee ilikuwa imebakiza wiki tano, na keki ya siku ile alikuwa akiichora kichwani tangu mtoto anatambaa. Jioni akamwambia, "Keki nitaioka, mwanangu, ila mimi nitaila kwa macho."

Binti alikuwa anajaribu viatu vya harusi, mguu mmoja juu, mmoja chini. Akasimama hivyo hivyo, upande. "Baba, keki usiyoweza kuila wewe, mimi siikati."

"Usilete utani."

"Nani anatania? Harusi bila keki imewahi kuvunjika? Haijawahi."

"Ukaidi huu umeuokota wapi wewe?"

"Usinitazame mimi," mkewe akaitikia kutoka jikoni.

Ikabidi aitwe shemeji, mdogo wa mkewe, mtaalamu wa lishe hospitalini. Alikuja na kikapu kimejaa na mdomo umejaa zaidi.

"Shemeji, kwanza, dawa unameza kama ulivyoandikiwa. Mtu asikudanganye kuna mbegu itakayokuponya. Chakula kinasaidiana na dawa, hakimfukuzi daktari."

"Na pili?"

"Pili, huu unga wako mweupe ukishaingia tumboni unakimbia kama mwizi. Hujafuta midomo, sukari imeshapanda. Lakini dengu, maharagwe, shayiri isiyokobolewa, hivi vinatembea kama wakwe: polepole na kwa heshima zote."

Mwokaji akafunga aproni. Keki ya kwanza aliitengeneza kwa shayiri tupu na mbegu za kitani. Ilitoka nyeusi, bapa, na yenye msimamo. Mkewe akaigonga kwa kidole, ko ko ko, akasema, "Hodi wenyewe!" Hakuna aliyekaribisha.

Ya pili akatia uwatu, kwa kuwa shemeji alikuwa amemsifia kidogo zile mbegu. Shemeji alisema kijiko kimoja. Mkono ukafanya yake. Keki ilikuwa chungu kama dawa ya minyoo, na kwa siku mbili mwokaji mwenyewe alinukia kama duka la viungo. Wateja waliingia wakiuliza bei ya binzari. Shemeji aliposikia, hakucheka.

"Uwatu mwingi juu ya vidonge vyako unaweza kuishusha sukari mpaka uanguke chini, unanielewa?" Akamnyang'anya kijiko, akamwekea mizani mezani. "Kuanzia leo mkono wako umestaafu."

Zilifuata keki nne za dengu, moja ikipasuka katikati, nyingine ikikataa kabisa kutoka kwenye chombo. Zilipobaki siku kumi, mwokaji alikuwa ameketi jikoni kwake, kidevu mkononi, akimtazama mkewe anavyoponda maharagwe mekundu ya mchana. Mwiko ulizunguka, maharagwe yakalainika, yakawa mazito, yanang'aa, yanaanguka kutoka kwenye mwiko kwa utepe mpana. Mwokaji akaruka.

"Nipe hiyo sufuria!"

"Hiki ni chakula cha mchana, baba nanihii!"

"Hii ni keki!"

Siku ile watu walikula chakula cha mchana jioni. Sufuria ilichukuliwa mzobemzobe hadi kwenye tanuri la dukani. Akachanganya maharagwe na karanga za kusaga, kakao, mdalasini, tende chache zilizopimwa gramu kwa gramu, na mbegu za kitani zilizolowekwa zishike mahali pa mayai. Ilipotoka ilikuwa imeumuka, laini, nyeusi kama usiku wa kiza. Akajipima sukari kidoleni: saba nukta moja. Akala kipande cha ukubwa wa kiberiti, akafumba macho, akasubiri saa mbili akiitazama ile mashine ndogo ya kupimia kama mtu anayesubiri mtihani. Akapima tena. Nane nukta mbili: imepanda kidogo tu.

Alitoka mbio barabarani, unga kwenye nyusi, kidole juu. "Nane! Nane!"

"Nane kwa ngapi?" akauliza muuza magazeti. "Nani kafungwa?"

Nyumbani wakala kiapo cha kunyamaza, kwa sababu moja. Baba wa bwana harusi alikuwa mwanajeshi mstaafu. Alikula maharagwe ya kambini miaka ishirini na mbili, na siku anastaafu aliapa mbele ya familia yake kwamba punje moja haitapita tena kinywani mwake. Hata mkewe akitaka kuyapika huenda kwa dada yake.

Siku ya harusi keki ilisimama ghorofa nne, mbele yake kibao kidogo: "Ina karanga." Kila mtu alikisoma, hakuna aliyeuliza ina nini kingine. Bibi harusi alikata kipande cha kwanza, akampita mumewe mchana kweupe, akaenda moja kwa moja kwa baba yake.

"Fungua mdomo, baba."

Mwokaji akafungua mdomo, na macho yakafunguka nayo, yakatiririka. Shemeji pembeni akasema, "Tafuna keki, usinywe machozi!"

Mwanajeshi mstaafu alikula kipande kimoja. Akala cha pili. Kwenye cha tatu akatangaza kwa sauti ya gwaride, "Hii ndiyo keki! Si yale masponji mengine!" Shemeji alijificha nyuma ya pazia, mabega yanatikisika. Mwokaji akajibana, akajibana, hata mshereheshaji alipomwita aseme neno la baraka.

Akashika kipaza sauti. Neno la baraka likakimbia.

"Mkwe wangu, naomba radhi. Siwezi kukuficha. Umekula maharagwe."

 Mstaafu akaitazama sahani yake. Akasimama wima, akavuta koti, akatembea kwa hatua za kuhesabika hadi mezani kwa keki. Watu wa upande wake wakaanza kukusanya mikoba.

"Maharagwe haya haya ninayoyajua mimi?"

"Haya haya, mkwe. Mekundu."

"Miaka ishirini na mbili!" akanguruma. "Kumbe wale wapishi walinidhulumu!" Akanyoosha sahani. "Ongeza."

Ukumbi ulilipuka. Bibi harusi alivua viatu, mwokaji akamshika mkono mkwe wake, wakacheza pamoja hadi shemeji alipokuja kumvuta mwokaji apumzike anywe maji.

Miezi mitatu baadaye daktari alitazama majibu ya damu, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Vidonge viliendelea, na mwokaji hakulalamika. Dukani sasa keki ya maharagwe ina rafu yake, na kila Jumamosi saa moja asubuhi yule mkwe mwanajeshi huja kusaidia. Hufunga aproni, huketi wima kwenye stuli, huchambua maharagwe punje kwa punje, na baya likionekana huliamuru litoke nje.