Bushi Nane za Mjomba Awadhi

Faidha alinipa habari akiwa amesimama mlangoni mwa gereji yangu, Lisekese, kanga imelowa mvua.

"Jumapili wanajibu posa yako. Mama amesema mjomba asipofika kwetu Makote kusema neno lake mwenyewe, wananioza kwa yule mnunuzi wa korosho. Hawasubiri tena."

"Mjomba wako si yuko hapahapa Masasi? Apande basi."

"Unamjua Mjomba Awadhi wewe?"

Nilimjua. Kwetu baba hulea, lakini mwenye neno ni mjomba. Binti haolewi mpaka kaka wa mama yake afungue mdomo. Na huyu alikuwa na kiuno kibovu na kiburi kizima. Alikuwa pia na Celica nyekundu ya milango miwili, gari la mbio la zamani, aliyouziwa na mtaalamu wa kigeni aliyekuwa anarudi kwao. Alikwisha kuapa kwamba kwa dada yake haingii kwa chombo kingine.

"Nibebwe kwenye pikapu kama gunia la korosho?" aliniuliza nilipomwendea. "Nitengenezee gari, kijana. Au tafuta mke kwingine."

Nililiendesha hadi kona ya kwanza nikajua. Mbele lilikata kona, nyuma likaendelea na safari yake. Kila shimo, ko! ko! chini ya kiti. Springi zilikuwa nzima na shokapu bado zina uhai. Zilizokufa ni bushi, zile pete za mpira zinazokaa kwenye maungio ya mikono inayoshika ekseli ya nyuma. Mikono minne, bushi nane, zote zimelika mpaka chuma kinagonga chuma. Biashara ya nje ilikuwa imefunguliwa miaka hiyo, na Dar es Salaam ungepata kila kipuri kutoka Dubai, lakini kwa bei ambayo ningeifanyia kazi miezi minne. Tena barabara ya kusini ilikuwa imekatika kwa mvua. Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Sikuwa mtu wa kuomba ushauri. Gari nilijifunza peke yangu, kwa kufungua na kufunga, na aliyeniita fundi wa kubahatisha tulishikana mashati. Nikachukua tairi kuukuu la lori, nikakata pete, nikazigongelea mahali pake usiku kucha. Alhamisi nikalijaribu gari hadi Chiungutwa na kurudi. Kabla sijafika nyumbani ko! ko! ilikuwa imerudi. Tairi lile lilikuwa na nyuzi za waya ndani, na waya ulikuwa umeutafuna mpira wake wenyewe.

Mtu aliyejua mpira kuliko wote mjini alikuwa Silvano, mshona makatambuga, mzee anayekata viatu vya tairi pembeni mwa soko. Bahati mbaya, gulio lililopita nilikuwa nimemwita fundi wa kucha, mbele ya wateja wake. Ijumaa nikamwendea.

"Shikamoo, Mzee Silvano."

"Marahaba. Leo gari linataka kuvaa namba ngapi?"

Wauza dagaa wakacheka. Nikahisi damu inapanda.

"Nataka mpira usio na waya, mzee wangu."

"Na mimi nataka kukumbushwa. Gulio lile uliniita nani?"

Nusura nigeuke nirudi zangu. Nikamwona akilini Faidha akipandishwa kwenye pikapu ya yule mnunuzi.

"Nilikuita fundi wa kucha. Nilikosa."

"Sema kwa sauti, yule mama wa bamia hajasikia."

"Nilikosa, Mzee Silvano!"

"Haya, kaa. Shika hapa."

Akatoa kipande cha tairi la trekta, kinene, chenye nyuzi za nailoni tupu, bila waya. Akachovya kisu kwenye maji ya sabuni, na mpira ukakatika kama muhogo uliochemshwa. Tulikata visahani, tukavitoboa katikati, tukavipanga juu ya vipande vya bomba, kisha tukavibana kwa jiliwa mpaka vikagoma kuingia zaidi.

"Kiatu kikilegea dukani," alisema, "njiani kitakuacha."

Jumamosi mchana zote nane zilikuwa mahali pake. Nikakaza nati gari likiwa bado juu ya magogo, magurudumu yananing'inia, nikalishusha. Likasimama makalio juu kama kuku anayetaka kuruka. Nikalizungusha uwanjani mara tatu. Bushi mbili zikaanza kuchanika kwa kujinyonga. Nikatupa spana mpaka kwenye mihogo ya jirani.

Silvano, aliyekuja kutazama kazi yake, hakuinuka kwenye ndoo aliyokalia.

"Wewe katambuga unafungaje? Unainua mguu hewani, unakaza kamba, ndipo unakanyaga?"

"Hapana. Itanikata."

"Basi?"

Nikaenda kuitafuta spana kwenye mihogo.

Tulibadilisha bushi mbili zilizochanika, tukalegeza nati zote, tukaliweka gari juu ya shimo la gereji likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Lakini lilihitaji uzito litakaosafiri nao. Tukamwita Mjomba Awadhi. Akaketi kiti cha mbele, nyuma tukapakia gunia la mchele alilomwekea dada yake na magunia mawili ya mchanga kufidia uzito wangu. Makalio ya gari yakashuka. Nikaingia shimoni.

"Nasibu," mjomba aliita kutoka juu, "uko chini yangu?"

"Niko, Mjomba."

"Vizuri. Mposaji huulizwa akiwa chini. Watu wanasema una moto. Kweli?"

Tope likanidondokea jichoni. "Kweli."

"Ukigombana na mpwa wangu?"

"Nitatoka nje, nipoe."

"Na ukiwa wewe ndiye mwenye makosa?"

Nilikaza nati ya tatu. Ya nne.

"Nitasema nimekosa."

"Wewe? Mdomo wako unalijua neno hilo?"

"Analijua," Silvano akadakia kutoka kwenye ndoo yake. "Jana kalisema sokoni, mara mbili. Mama wa bamia ni shahidi."

Mjomba alijiweka sawa kitini. Kisha akasema, "Kaza vizuri hizo nati."

Jumapili alfajiri tuliondoka. Chiungutwa tukapita, makorongo ya mvua yote tukayapita, na kule nyuma hakukusikika kitu. Kwenye kona za kupandia Newala nilishika usukani nikingoja mkia uteleze. Haukuteleza. Nikatazama pembeni: Mjomba Awadhi alikuwa amelala, mdomo wazi.

Makote alishuka mwenyewe, akanyoosha mgongo, akaingia ndani. Mimi nilibaki uani, maana mposaji hakai penye kikao chake. Nilisikia salamu, kisha kikohozi, kisha sauti yake kupitia dirishani.

"Maneno mengi ya nini? Mtoto ni wa Nasibu. Pakueni, nina njaa, kiuno hakiniumi."

Mama Faidha akapiga kigelegele. Nikakaa mchangani na kanzu yangu nyeupe ya posa. Faidha alichungulia kwenye uchochoro wa jikoni, akaniona nimekaa chini vile, akaziba mdomo kwa upande wa kanga akicheka. Nikamwacha acheke. Kwa mara ya kwanza wiki nzima, sikuwa na mtu wa kugombana naye.