Chembe Nyeupe Zimeshuka

Ulimi ndio uliomponza Katungu, mpimaji wa damu hospitalini, wala si mashine ya maabara. Jana yake Papa Ruphin, mkulima aliyemleta binti yake Plamedie kwa boti kutoka Basoko, alisimama kwenye dirisha la maabara akamuuliza wamwombe Mungu nini. Mtoto alikuwa na miaka tisa, na jipu la pajani lilikuwa limemwaga sumu kwenye damu. Chembe nyeupe, zile zinazopigana na maradhi, zilifika elfu ishirini na sita, kupita kawaida zaidi ya mara mbili. Katungu alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hupenda jibu fupi.

"Muombe zishuke tu, papa," alimwambia.

Basi wakaomba, na wodi nzima ikaomba nao.

Asubuhi hii mashine ilitoa elfu moja na mia tisa. Katika hospitali ile ndugu wa mgonjwa ndio wanaobeba karatasi ya majibu kutoka maabara hadi kwa daktari, na Sadrack, mwenzake Katungu, alimkabidhi Papa Ruphin karatasi yake kabla damu haijatazamwa kwa darubini. Baba wa watu alipiga magoti palepale koridoni, akashukuru. Daktari alikuwa kwenye upasuaji. Boti ya Basoko ilikuwa inaondoka asubuhi hiyohiyo, na nyingine ingekuja baada ya wiki. Angoje nini tena?

Katungu hakuwa na habari. Aliinamia darubini yake. Chembe nyeupe zilikuwa za kutafuta kwa tochi, tena nyingi zilikuwa changa, kiini kimepinda tu, hakijagawanyika vipande kama cha chembe iliyokomaa. Ndani yake mlijaa punje nzito za zambarau na vitundu vitundu. Mwili wa Plamedie ulikuwa umemaliza akiba, sasa unatoa chochote, kama mama anayeng'oa mihogo michanga kwa sababu njaa imeingia nyumbani. Namba ilishuka kwa kuwa wapiganaji walikuwa wamekwisha.

Alikimbia wodini, akakuta kitanda kimeshatandikwa upya; wagonjwa wakamwambia wameenda bandarini.

Pikipiki ilimfikisha bandarini boti ikiwa bado inapakia. Plamedie alikuwa amelala juu ya magunia, kichwa mapajani kwa baba yake, kitenge kimemfunika hadi kidevuni. Papa Ruphin alimwona Katungu akatabasamu, na tabasamu lile lilimuumiza kuliko tusi.

"Mama wa labo, umekuja kutuaga?"

"Papa, mushuke. Turudi hospitali sasa hivi."

"Juu ya nini? Homa imeisha. Globules zimeshuka vile ulisema."

"Zimeshuka mubaya."

Tabasamu liliondoka. "Jana ulisema zishuke. Leo zimeshuka, unasema ni mubaya. Alors, kesho utasema nini?"

Abiria walikuwa wanasikiliza. Katungu aliona aibu, na aibu hiyo ilimtia hasira, kisha hasira nayo ikamwishia. Hakuwa na muda wa kujitetea.

"Nilikosea, papa. Ni mimi nilikosea. Ile homa haikupona, mwili yake imeshindwa kupata moto tena. Muguse miguu yake."

Papa Ruphin aliingiza mkono chini ya kitenge. Miguu ilikuwa baridi kama maji ya mto. Alimbeba mtoto kifuani akashuka, mizigo yao ikabaki kwenye boti.

Walipanda pikipiki moja: dereva, Katungu nyuma yake, mtoto katikati, baba mwishoni amewakumbatia wote. Plamedie aliegemeza uso wake shingoni mwa Katungu. Alikuwa anapumua haraka haraka, pumzi fupi fupi, na Katungu alizihesabu zote, akijiambia kwamba mtoto anayepumua bado anaweza kutundikiwa maji na kubadilishiwa dawa. Barabara ilikuwa na mashimo. Mbele ya soko walikwama nyuma ya lori.

Lori liliposogea, shingo ya Katungu haikuwa inahisi pumzi tena.

"Plamedie," aliita, bila kugeuka.

"Umuache, mama," Papa Ruphin alisema kwa sauti ya chini. "Ametulia. Amepata usingizi."

Katungu alimgonga dereva begani aongeze mwendo.