Ndege Zisizo na Meli

Mzee Jonah aliacha wajane wawili, shamba moja la chai kule mtoni, na boksi la mchezo wa vita. Boksi alipewa na meneja mzungu ambaye Jonah alimpikia miaka kumi na minane. Mzungu akarudi kwao, vita vikabaki kwetu Sosiot: bahari ya karatasi, dadu, na meli na ndege za plastiki, ndogo kama maharagwe.

Wiki moja Jonah alicheza kwangu, mke mkubwa, wiki nyingine kwa Elmina, mke mdogo. Sisi wawili hatukuwahi kucheza pamoja hadi alipokufa, mwaka wa tisini na nne. Shamba lile alimwahidi kila mmoja wetu, kwa mdomo tu. Tulipompelekea chifu kesi, alitufukuza mara mbili. Shemeji Kipkosgei akaanza kulipalilia bila kuitwa.

"Mama Kimeli," Elmina akaniambia, "tucheze. Atakayeshindwa aweke alama ya kidole kwa chifu, aliachie shamba."

"Utalia, mtoto wa watu."

"Nililia siku niliyoolewa nikakukuta. Tupa dadu."

Tulianza baada ya kukamua. Kufikia chai ya saa nne, meli yangu ile ya kujificha chini ya maji ikamvizia. Hiyo hupiga kwanza, ndiyo sheria yake. Nikatupa: sita. Meli yake kubwa, ile inayobeba ndege, ikazama. Ndege zake mbili zilikuwa bado hewani, zikitoka kunichoma.

"Na hizo lete," nikasema. "Hazina pa kutua."

"Zinatua kisiwani. Kiko hatua moja tu, na ni changu."

"Nani kasema?"

"Mzee."

"Mzee aliniambia meli ikizama, ndege zake zinakufa maji." Miaka ishirini nilikuwa nikimpa zangu kwa mkono wangu, naye akicheka hadi kofia inaanguka.

"Basi soma kitabu. Wewe ndiye uliyefika darasa la nne."

Kitabu kilikuwa cha Kiingereza. Nilipitisha kidole polepole. Maneno niliyojua yalikuwa machache, lakini picha ilikuwepo: ndege, mshale, kisiwa. Elmina alikuwa sawa. Mke mdogo alifundishwa ukweli. Mimi niliibiwa mchana, kwenye kiti changu, mwizi akinywa mursik yangu, maziwa niliyomgandishia kibuyuni.

"Kinasema nini?"

Nikafunika picha kwa kiganja.

"Kinasema zinakufa."

"Kumbe alinidanganya," Elmina akasema, na machozi yakamtoka. Shamba hata hakulitaja. Bila ndege akashindwa, na Ijumaa akaweka kidole kwa chifu.

Sasa chai ya mtoni nachuma peke yangu. Jumapili tukitoka kanisani, Elmina huniletea maziwa, tunacheza. Meli yake ikizama, hangoji nimwambie. Kisiwa kiko palepale, hatua moja, naye anaziokota ndege zake mwenyewe, moja moja, na kuniwekea mkononi.

Nami nazipokea.