Kufuli la Tatu

Mji wetu na mji jirani imejenga ghala moja la baridi, nyanya za wakulima wa pande zote zisioze. Mlangoni nilifunga makufuli mawili, kila mji na ufunguo wake, mmoja asifungue bila mwenzake.

Haikupita wiki, meya wetu akaja dukani kwangu. “Fundi, nichongee na ule wa kwao. Wale siwaamini.”

Hajafika mbali, akaingia shemeji yangu, katumwa na meya wa kule. “Shem, nichongee na wa kwenu.”

Nikawachongea wote. Kila meya, akijua alichofanya, akaanza kumshuku mwenzake. Jana wamekuja pamoja, watu wazima, wamenuniana, wanataka kufuli la tatu. Ufunguo nikae nao mimi, eti mwaminifu. Nikalifunga jioni ile ile.

Leo asubuhi nimemfuma mke wangu, mzaliwa wa kule, akinipekua mifuko.